Vyama vya Wanachuo na Wajibu kwa Jamii: Maswali na Majibu

Chama cha wanachuo hupimwa kwa kazi inayobaki mtaani na kijijini baada ya wanachama wake kuhitimu. Maswali yafuatayo yamechaguliwa kwa sababu yana dhana ambazo zikiachwa bila kujibiwa huharibu kazi hiyo.

Je, vyama vya kindugu vya vyuo vya Marekani vina lolote la kufundisha hapa Tabora?

Vinalo. Alpha Kappa Alpha, chama cha wanawake Weusi kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, kiliendesha mradi wa afya Mississippi kuanzia 1935 hadi 1942. Wamiliki wa mashamba walipowazuia wakulima wao kwenda kliniki, wanachama walipakia chanjo za ndui na dondakoo kwenye magari yao, wakazifuata familia huko huko mashambani. Walirudi kila kiangazi. Somo liko hapo: huduma ilikwenda kwa mwenye shida, tena kwa miaka.

Barua kadhaa zinadai kwamba kujitolea kumeletwa na wafadhili, kwa hiyo bila posho hakuna kazi. Ni kweli?

Si kweli, na hakuna uvumi unaowadhoofisha vijana wa Unyamwezi kuliko huu. Misafara ya karne ya 19 kati ya Pwani, Tabora na Ujiji isingefika popote bila kutegemeana. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo ya kambi: chungu kimoja, moto mmoja, huyu akatafute kuni, yule akateke maji. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa Pwani, Wazaramo wakiwamo, ulistawi katika safari hizo, nao ulikuwa na wajibu mzito kuliko maneno ya mzaha. Msafiri aliyefia mbali na ukoo wake alikuwa na watani wa kumsitiri na kumchimbia kaburi. Kila mmoja alijua zamu yake itafika.

Kwa majirani Wasukuma, vijana walilima na kupura kwa makundi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba aliwapa chakula, na asiyejitokeza kwa wenzake alijua shamba lake nalo litakosa watu. Hata wasomi waliuendeleza moyo huo. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, alishirikiana na wanafunzi wenzake wa Makerere katika miaka ya 1940 kuanzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Nauli na chakula cha wanaojitolea ni gharama halali. Kugeuza posho kuwa sharti la kumsaidia jirani ni kuukana urithi huo.

Mbona mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa?

Walipinga masharti: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Maandamano ya tarehe 22 Oktoba yalimalizika kwa wanafunzi karibu 400 kurudishwa makwao, na Rais Nyerere akakata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Wengi walipokelewa tena baadaye. Funzo kwa viongozi wa vyama ni kwamba anayedai watu wajinyime hana budi kuanza yeye.

Je, kumtesa njuka humfanya mwanachama imara?

Hapana. Ni ukatili, na chama kinachoutetea kifungwe.

Kwa nini miti inayopandwa na wanachuo hufa?

Kwa sababu hupandwa kwa ajili ya sherehe. Mvua za Tabora huanza kuelekea Novemba na kwisha karibu na mwisho wa Aprili. Mche uliopandwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, una miezi mitano ya ukavu mbele yake. Upandwe mvua zikishakolea. Kiriba kichanwe na kutolewa kabla mche haujaingia shimoni, maana mizizi iliyojiviringa ndani yake haipenyi ardhini. Kisha atajwe mtu wa kumwagilia na wa kuzuia mbuzi. Katika mkoa ambao kuni za kukaushia tumbaku zimekula misitu mingi, mche unaokufa ni hasara ya kweli.

Kupeleka sabuni kwa yatima na kupiga picha kunatosha?

Hakutoshi. Picha za watoto zisipigwe kabisa bila ridhaa ya walezi.

Chama kidogo kianzie wapi?

Kianzie kwenye ujuzi wa wanachama wake. Wanaosomea ardhi mjini Tabora wanaweza kuwaeleza wanakijiji hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wanaosomea ualimu wanaweza kufundisha watu wazima kusoma. Kikao cha kwanza kiwe na serikali ya kijiji, kusikiliza. Kichaguliwe kijiji kimoja na kazi moja, na warithi waandaliwe kabla viongozi wa sasa hawajahitimu. Chama kisichoweza hayo kisiwaahidi wanakijiji lolote.