Kabla ya Kununua Glavu za Peintiboli, Tazama Vidole

Wadogo zangu, ofisi nyingi za Nairobi zikitaka wafanyakazi wazoeane huwapeleka uwanja wa peintiboli. Mtu akishasikia jina lake limo kwenye orodha, anakimbilia kutafuta glavu nyeusi zenye plastiki ngumu mgongoni, kama za askari wa sinema. Nawasihi tuanze na mkono wenyewe, kwa kuwa ndio utakaopigwa.

Katika peintiboli unajificha nyuma ya pipa au rundo la magurudumu, kisha unachungulia ili ufyatue. Kinachobaki nje ni barakoa, bunduki na mikono iliyoishika. Anayelenga uso wako analenga pia vidole, maana viko papo hapo mbele ya uso. Kidonge cha rangi unachofyatuliwa kina kipenyo cha milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3, na viwanja vingi huweka ukomo wa mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Kikikupiga pajani, nyama inapokea. Kidoleni hakuna nyama ya kupokea chochote: ni ngozi, halafu mfupa.

Na ukialikwa kwenye easofti, mchezo mwingine wa kufyatuliana uliozaliwa Japani miaka ya 1970, huko hutumika punje ngumu za plastiki za milimita 6. Punje moja ya gramu 0.2 hubeba nguvu ndogo sana, kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kidonge cha rangi. Lakini haipasuki, na nguvu yake yote inaishia mahali padogo mno. Ikitua kwenye kucha, damu huweza kuvilia chini yake ukaugulia siku kadhaa.

Kwa hiyo dukani, kabla hujavutiwa na ule ugumu wa mgongoni, geuza glavu utazame vidole. Glavu nyingi zina kinga nzuri kwenye vifundo, halafu kuanzia hapo hadi ncha ya kidole ni kitambaa kitupu. Hata zile za kazi za mafundi, zenye alama ya nyundo na maandishi EN 388, huwa hivyo hivyo. Ukiona herufi P mwishoni mwa namba na herufi zilizo chini ya alama hiyo, ujue glavu imegongwa kwenye maabara ikafaulu, ila kipimo hicho hufanywa kwenye vifundo, vidole havipimwi. Mimi ningechagua glavu yenye sifongo au vipande vya mpira laini hadi kiungo cha katikati cha kila kidole, hata kama mgongoni haina plastiki ya kutisha. Na ikiwa ina plastiki, ivae ukunje ngumi kwa nguvu. Ikikukandamiza mfupa hapo dukani, kidonge kitakapoigonga itakukandamiza zaidi.

Sasa ukubwa. Hapa dada zangu ndipo tunapoonewa, kwa sababu maduka mengi huleta za mikono ya wanaume tu. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia kiganja penye vifundo, bila kidole gumba, usome inchi. Inchi 7 ni namba 7, inchi 8 ni namba 8. Mwanamke mwenye namba 7 akipewa glavu ya namba 10, ncha za vidole zinaning'inia, na ncha inayoning'inia inaweza kunasa kwenye triga bunduki ikafyatuka bila yeye kukusudia. Hiyo ni hatari kwa mwenzako kuliko kwako. Usikubali kuambiwa "itakukaa tu." Nenda kwa wauza vifaa vya baiskeli na pikipiki, ambako namba ndogo hupatikana, au uvumilie kuchambua mitumba, glavu nzuri za pikipiki hufika huko zikiwa bado imara. Angalia mishono katikati ya vidole, ndiko huanzia kuoza.

Kidole cha shahada kina matatizo yake. Wachezaji wengi hukata ncha ya glavu hapo ili waisikie triga. Sikatazi, lakini kata cha shahada peke yake, tena kwenye kiungo cha kwanza kutoka nchani, kisha upige mshono ukingoni usifumuke. Glavu zisizo na vidole kabisa siwashauri wanaoanza. Glavu za hospitali hazizuii pigo lolote, na zile nene za kuchomelea vyuma zitakufanya ushindwe hata kufunga mkanda wa barakoa.

Kiganjani unahitaji kitu kingine. Huko hupigwi sana, ila utaanguka, utatambaa kwenye murramu na miiba, na rangi ikimwagika kwenye bunduki inateleza. Chagua kiganja chembamba chenye vidoti vya mpira. Mkono wa glavu ufike juu ya kifundo cha mkono na ukutane na mkono wa shati, pasiwe na ngozi wazi katikati.

Pete, jamani. Ivue nyumbani, hata ya ndoa, iache mahali salama. Kidole kikipigwa huvimba, na pete iliyobana kwenye kidole kilichovimba huzuia damu. Wengine huishia kukatiwa pete hospitali. Bangili na kucha za kubandika nazo zibaki nyumbani.

Kama pesa ni kidogo na inabidi uchague, barakoa kwanza. Kidole kilichovimba kitapona, jicho huenda lisipone. Wenye uwanja kwa kawaida hukupa barakoa. Ikague kabla hujaingia, kioo kisiwe na ufa na mkanda usilegee, na usiivue wala kuinyanyua ukiwa uwanjani, hata ikijaa mvuke. Toka nje ndipo uifute. Waulize pia kama bunduki zimepimwa mwendo siku hiyo. Wanaojua kazi yao hawakasirikii swali hilo.

Ukipigwa kidoleni, vua glavu mapema kabla mkono haujavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, na uinue mkono. Kidole kisipokunjika, kikikaa kombo, au maumivu yakiendelea kesho yake, nenda ukapigwe eksirei. Usikubali mtu akivute "kikae sawa." Rangi yenyewe isikutie wasiwasi, inatoka kwa maji na sabuni. Osha glavu jioni ile ile, na kama ni za ngozi zianike kivulini. Juani zitakakamaa na wiki ijayo hutaweza kukunja vidole.