Venice bila ratiba

Swali: Tunakwenda Venice na watoto wa miaka 2 na 5. Tunaweza kuzurura tu bila ratiba?

Jibu: Mnaweza, tena huko ndiko mahali pake. Mji wa kale hauna magari wala pikipiki; cha kuogopa ni mifereji, basi ukingoni mshikeni mkono huyo mdogo. Kigari cha mtoto kiacheni hotelini. Madaraja yanapita 400, mengi yana ngazi, na mbeleko itawafaa zaidi. Mkipotea (na mtapotea), tafuteni kutani vibao vya njano vinavyoelekeza Rialto au San Marco. Wakichoka kutembea, pandeni boti ya abiria: walio chini ya miaka 6 hawalipi nauli.