Gari Fupi katika Njia ya Samunge: Hesabu Kabla ya Spana

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2011, kijiji cha Samunge katika Wilaya ya Ngorongoro kilipokea wageni wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Maelfu ya watu kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani walimwendea Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akiwanywesha wagonjwa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga. Suala la dawa hiyo ni la wataalamu wa tiba, wala halihusiki hapa. Linalohusika ni njia. Foleni ya magari ilirefuka kilomita baada ya kilomita, na mwishoni mwa mwezi wa Machi mchungaji mwenyewe aliwaomba watu wasitishe safari kwa siku kadhaa ili waliokwisha kufika wahudumiwe kwanza. Baadhi ya wagonjwa walifariki wangali katika foleni. Mahali pa namna hiyo, gari linaloharibika humkwamisha mgonjwa aliyemo ndani yake, na humkwamisha pia kila aliye nyuma yake.

Tangu wakati huo, kipande cha kilomita 49 kati ya Waso na Sale kimejengwa kwa lami. Lakini lami haifiki kila kitongoji, na elimu ya njia ngumu haijapitwa na wakati. Njia ya kutokea Mto wa Mbu hupita Selela, Engaruka na Engare Sero, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea nchi ya Wasonjo. Humo mna vumbi la majivu, mchanga wa makorongo, mawe, maji ya msimu na magadi. Ni darasa kamili la fizikia na kemia.

Watu wengi hulipendelea gari dogo la milango miwili kwa njia kama hiyo, na wengi zaidi hupenda kulibadili: huliinua, hulifunga tairi kubwa, hulitwika mzigo juu ya paa. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba gari halipewi sifa mpya bure. Kila linachoongezewa upande mmoja hulipwa upande mwingine, na malipo hayo yaweza kuhesabiwa kabla spana haijashikwa.

Faida ya ufupi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1958 aina mbili zilizoenea zilitofautishwa kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: inchi 88, yaani mita 2.24, kwa gari fupi. Na inchi 109, yaani mita 2.77, kwa gari refu.

Tuseme magari yote mawili yana tumbo lililo sentimita 30 juu ya ardhi, nayo yanavuka mgongo wa kilima kidogo. Gari litakwaa tumbo iwapo mgongo huo ni mkali kupita kiasi. Tukiyachukua magurudumu kuwa nukta mbili, ukali unaoweza kuvukwa ni mara mbili ya pembe ambayo tanjenti yake ni kimo cha tumbo kikigawanywa kwa nusu ya umbali wa ekseli. Kwa gari fupi, 0.30 kwa 1.12 ni 0.268, nayo ni tanjenti ya nyuzi 15. Mara mbili yake ni nyuzi 30. Kwa gari refu, hesabu hiyo hiyo hutoa nyuzi 24 na kidogo. Gari fupi limepata nyuzi 6 zaidi bila kubadilishwa hata nati moja.

Malipo yake ni haya. Gari linapopanda, sehemu ya uzito huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma, na kiasi kinachohama huongezeka kadiri ekseli zinavyokaribiana. Kwa hiyo gari fupi huwa jepesi mbele katika mpando mkali, na usukani hupoteza nguvu mahali ambapo dereva anauhitaji. Katika mwendo wa kasi juu ya changarawe, nyuma yake huchepuka upesi kuliko gari refu.

Kuinua gari, na kile kisichoinuka

Badiliko linalopendwa kuliko yote ni kufunga springi ndefu zaidi. Hapo hapana budi kutofautisha mambo mawili. Springi huinua bodi na chesisi, haziinui ekseli. Difu, ambayo ndiyo hugonga mawe ya njiani, hubaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi kubwa tu: tairi la kipenyo cha sentimita 80 badala ya 75 huinua ekseli sentimita 2 na nusu. Tairi hilo nalo lina malipo yake. Kipimo cha mwendo kikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda 64. Na bereki zile zile sasa hufanya kazi dhidi ya wenzo mrefu zaidi.

Kuinua bodi huinua pia kitovu cha uzito. Gari lililo kando ya mteremko huanza kupinduka pale mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito unapopita nje ya magurudumu ya upande wa chini. Tuchukue gari la kilo 1,500, lenye upana wa mita 1.30 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito mita 0.75 juu ya ardhi. Tanjenti ya pembe ya mpaka ni 0.65 kwa 0.75, na pembe yenyewe ni nyuzi 41. Bodi ikiinuliwa hata kitovu kikapanda sentimita 5, pembe hushuka hadi nyuzi 39.

Sasa gari hilo hilo, lisiloinuliwa, litwikwe kilo 100 juu ya paa, mita 2 kutoka ardhini. Kitovu kipya ni (1,500 × 0.75 + 100 × 2.00) ÷ 1,600, yaani mita 0.83. Pembe imeshuka hadi nyuzi 38. Madebe machache ya maji na gurudumu la akiba juu ya paa yamefanya madhara makubwa kuliko springi mpya! Pembe hizi ni za gari lililosimama. Katika mwendo, shimo moja upande wa chini, au jiwe moja upande wa juu, hutosha kuzila nyuzi nyingi. Ndiyo maana mzigo mzito huwekwa sakafuni, karibu na ekseli ya nyuma lakini mbele yake.

Gari fupi lina tatizo jingine la kuinuliwa. Propela shafti yake ya nyuma ni fupi, hivyo kila sentimita ya kuinua huiongezea mwinamo mkubwa kuliko katika gari refu. Krosi za shafti hufanya kazi katika pembe kali, huchemka, hutetemeka na hatimaye hukatika.

Badiliko lisilo na gharama

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari atazame upepo wa tairi. Gari la kilo 1,600 likigawa uzito sawasawa, kila tairi hubeba kilo 400, yaani nyutoni 4,000 hivi. Kwa kuwa kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo, tairi lenye upepo wa kilopaskali 200, karibu ratili 29 kwa inchi ya mraba, hukanyaga ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 200 hivi. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 100, eneo huwa sentimita za mraba 400. Ardhi imebaki ile ile na gari ni lile lile, lakini mchanga sasa unasukumwa kwa nusu ya kanieneo ya awali, na tairi haliuchimbi tena.

Malipo yapo hata hapa. Tairi laini huanika ubavu wake kwa mawe makali, na likikimbizwa hujikunja mno, hupata joto na laweza kupasuka. Kwa hiyo upepo hupunguzwa penye mchanga, mwendo ukawa wa polepole, nao hurudishwa mara baada ya kuvuka. Pampu ya mkono ni kifaa cha lazima kama jeki.

Kuhusu difu, wengi hushangaa kuona gari lenye nguvu limekwama huku gurudumu moja likizunguka hewani. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya mzunguko sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Lililo hewani halina cha kusukuma, hivyo hupokea karibu sifuri, na mwenzake naye hupata karibu sifuri. Kufuli ya difu huyafunga yote mawili yazunguke pamoja. Lakini ikiachwa imefungwa kwenye ardhi ngumu, gari hukataa kukata kona na shafti za ndani huweza kuvunjika. Hufungwa kabla ya kukwama, hufunguliwa baada ya kuvuka.

Mitetemo, maji na magadi

Mabadiliko yote hayo ni kazi bure pasipo matunzo. Adui wa kwanza ni viwimbi vya barabara, vinavyofanana na bati. Viwimbi vikipishana sentimita 60, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hugongwa karibu mara 14 kwa sekunde. Mapigo ya kiasi hicho hukaribia mtetemo wa asili wa gurudumu na ekseli yake, na ndipo msukosuko hukua. Shokapu hugeuza msukosuko huo kuwa joto. Shokapu iliyochemka kupita kiasi huacha kuuzuia. Kila jioni ya safari, boliti za springi, za shokapu na za magurudumu hazina budi kukaguliwa na kukazwa.

Adui wa pili ni maji. Difu iliyofanya kazi mchana kutwa yaweza kufika nyuzi 80 za joto. Ikitumbukizwa ghafla katika maji ya nyuzi 25, hewa iliyomo ndani hujaribu kusinyaa kutoka vipimo 353 hadi 298 vya kelvini, yaani karibu asilimia 16. Hewa ikisinyaa, difu huvuta. Na kama tundu lake la kupumulia limeziba kwa tope au limo chini ya maji, kinachovutwa kupitia sili ni maji. Mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na baada ya wiki chache meno ya difu huliwa. Tiba ni mpira mwembamba wa kurefusha tundu hilo hadi juu ya injini, na kumwacha dereva apumzishe gari kabla ya kuvuka. Ni badiliko la bei ndogo kuliko yote, nalo huokoa kifaa cha bei kubwa.

Adui wa tatu ni vumbi na magadi. Majivu ya volkano ni chembe ngumu zenye ncha. Zikipita chujio la hewa lililochanika huisugua silinda kama msasa. Na Ol Doinyo Lengai ni volkano ya pekee: lava yake ya miaka ya karibuni imejaa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi yanayoonekana kando ya Ziwa Natron. Kila mpishi anajua kwamba magadi huitia weusi sufuria ya alumini. Sababu ni kwamba alkali huyeyusha utando wa oksidi unaoilinda alumini. Tope la ziwani likiachwa katika bodi ya alumini hufanya kazi hiyo hiyo. Tena maji hayo ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo pale alumini inapogusana na chuma huundwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Dawa yake ni maji safi mengi, chini ya gari na katika pembe zote, siku ile ile.

Hivyo utaratibu wa busara huanza na matunzo, hufuatiwa na upepo wa tairi na upangaji wa mzigo, halafu mpira wa kupumulia, na mwisho kabisa ndipo huja springi na tairi kubwa, kama hesabu bado inazidai. Walio wengi huanza na hili la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho. Lakini mgonjwa aliye ndani ya gari haulizi limeinuliwa kiasi gani. Anauliza kama litafika.

Maswali ya darasa

1. Pima kwa futi kamba umbali wa ekseli na kimo cha tumbo cha gari lolote lililo karibu na shule. Kokotoa ukali wa mgongo linaoweza kuvuka.

2. Gari la mfano wetu limeinuliwa sentimita 5, kisha likatwikwa kilo 100 juu ya paa, ambalo sasa liko mita 2.05 kutoka ardhini. Onyesha kwamba pembe ya kupinduka ni nyuzi 36 na nusu hivi.

3. Weka kipande cha alumini katika maji ya magadi na kingine katika maji safi. Viangalie kila siku kwa wiki moja, kisha eleza tofauti utakayoiona.

4. Kwa nini si halali kusema kwamba tairi la upepo mdogo ni bora kwa barabara zote?