Unataka Kushtaki Wahalifu wa Kivita? Anzia Mahakama ya Wilaya

Usisubiri The Hague ikuite. Ukimaliza sheria, omba kazi kwenye ofisi ya mashtaka ya nchini kwako. Shika mafaili ya wizi, ubakaji na mauaji. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague, unataka Mwendesha Mashtaka wa ICC awe mzoefu wa kesi za jinai, na uzoefu huo huupati kwenye semina.

Jifunze kuhoji bila kumlisha shahidi maneno. Muulize, "Kisha ikawaje?" halafu nyamaza. Akitoka nje ya swali, usimkatize. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda, ilipoanza kusikilizwa Januari 1997 Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hati ya mashtaka haikuwa na kosa la ubakaji. Mama mmoja akitoa ushahidi akasimulia jinsi bintiye wa miaka 6 alivyobakwa. Uchunguzi ukaendelea, na Juni mwaka huohuo hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wangemnyamazisha yule mama, tungepoteza mengi mno.

Mfuate mkubwa. Kuthibitisha kwamba watu waliuawa si kazi ngumu kama kumfunga aliyetoa amri, maana huyo mara nyingi hakushika hata panga. Tafuta karatasi: ripoti, orodha za mishahara, stakabadhi za mafuta ya magari, rekodi za simu. Nuremberg, mwaka 1947, Benjamin Ferencz aliwashtaki makamanda wa Einsatzgruppen, vikosi vya mauaji vya Wanazi, akiwa na miaka 27 tu. Alitumia ripoti walizoandika wenyewe, akafunga ushahidi wake kwa siku mbili.

Nenda mwenyewe kwa mashahidi. Katika hukumu ya Machi 2012 ya Thomas Lubanga, mbabe wa vita wa Kongo aliyeshtakiwa kwa kuwatumia askari watoto, majaji wa ICC waliukosoa vikali upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati sehemu ya uchunguzi kule Kongo. Ushahidi wa vijana kadhaa waliojitambulisha kama askari watoto wa zamani ukakataliwa. Mtu wa kati akupeleke hadi mlangoni, maswali uulize wewe.

Soma Kifaransa, kwani ICC inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili chako nacho ni mtaji, maana mashahidi wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wamewahi kukitumia kortini. Ila zoeza sikio lako mapema Kiswahili cha Bunia, mji mkuu wa Ituri.

Tafuta mshauri nasaha kabla hujaelemewa. Simulizi hizi hukufuata hadi kitandani.

Wikiendi hii pakua hukumu ya Akayesu, iko mtandaoni bure. Anza na sehemu ya ushahidi, sheria itafuata. Kwenye kila shtaka andika pembeni ni shahidi gani alilibeba, na ni swali gani lilimfungua.