Shamba Likiuzwa, Maji Huenda kwa Nani?

Najua wengi wenu mngependelea nitunge shairi ama niandike juu ya ngeli, lakini mwaka huu kuna jambo limenikaa rohoni, nalo ni maji. Si yale ya kupima katika maabara, la. Nasema maji ya mto, na swali lililowatoa watu wazima jasho nyumbani kwetu: mtu akiuza shamba lenye maji, je, maji yale huenda kwa nani?

Chanzo cha swali ni baba mdogo. Miaka miwili iliyopita alinunua ekari mbili upande wa magharibi wa Mlima Kenya, katika shamba la ekari ishirini ambalo mwenyewe alikuwa amelikata vipande kumi. Bei ilikuwa juu kuliko ya ploti za jirani, kwa sababu hii ilikuwa "ploti ya maji". Mfereji ulipita pale pale kando ya ua. Walipoandikiana mbele ya mzee wa mtaa, mkataba ulisema kwamba muuzaji amempa mnunuzi ekari mbili "pamoja na maji yake". Baba mdogo akalipa, akaiweka karatasi ndani ya sanduku la nguo, akapanda viazi na vitunguu.

Kiangazi cha kwanza kilipoingia, wakaja watu wa chama cha watumiaji wa maji ya mto ule. Walimkuta na paipu mkononi.

"Mzee, kibali chako kiko wapi?"

Akaingia ndani, akaleta mkataba. Wakausoma wote, wakamrudishia kwa heshima.

"Huu ni wa shamba. Sisi tunauliza cha maji."

"Lakini hii maji si nilinunua?" akasema baba mdogo. (Msicheke, wanachama. Ngeli tutamrekebishia siku nyingine.)

Mfereji ukafungwa siku hiyo hiyo, na vitunguu vikaanza kunyauka. Usiku aliniita, kwa kuwa ati mimi ndiye ninayesoma Kiswahili, akanipa ule mkataba nimwambie umesema nini. Nikakwama kwenye neno moja: "yake". Maji ya nani? Ya zile ekari, au ya mnunuzi? Sarufi inakubali yote mawili. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Jiografia, alitabasamu akasema kwamba sheria haikubali hata moja.

Hebu tuone sababu. Katiba yetu ya 2010 inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inasema kila chemchemi ya maji nchini iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, ambayo inaishika kwa niaba ya wananchi wote. Jambo hili si geni kabisa, kwani hata sheria ya zamani ya wakati wa ukoloni, Sura ya 372, iliyodumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Maji ya 2002, iliyaweka maji chini ya serikali. Kwa hivyo yule muuzaji hakuwa na maji ya kuuza. Alichokuwa nacho ni kibali cha kutumia maji kiasi fulani, kwa kazi fulani, mahali fulani. Kibali hicho hutolewa na Halmashauri ya Rasilimali za Maji, ambayo chini ya sheria hii ya 2016 ilichukua nafasi ya halmashauri iliyoundwa na ile ya 2002.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea. Kibali cha maji hakiandikiwi mtu tu kama kitambulisho. Kimefungwa kwenye kipande cha ardhi kilichotajwa ndani yake. Chukueni mfano wa kitabu cha maktaba ambacho mwalimu amekitoa kwa dawati wala si kwa mwanafunzi. Anayekalia dawati ndiye anayekisoma. Akihamia darasa jingine hawezi kwenda nacho, na hawezi kumwuzia rafiki yake wa darasa la pili huku yeye amebaki na dawati. Lakini dawati lenyewe likipata mwenyewe mpya, kitabu kiko pale pale.

Ndivyo ilivyo kwa shamba. Likiuzwa zima, au likirithiwa na watoto bila kugawanywa, haki ya kutumia maji huliandama shamba. Kazi ya mwenyewe mpya ni kufika kwa Halmashauri na hati yake ya kumiliki ardhi ili jina libadilishwe. Asipofanya hivyo, bili na barua zitazidi kumwendea mtu ambaye alishahama, na siku ya ukaguzi atajieleza mpaka achoke.

Je, dawati likipasuliwa vipande kumi? Kitabu hakipasuki. Shamba likigawanywa, sheria inasema Halmashauri yaweza kutoa vibali vipya kwa masharti itakayoona yanafaa. Kumbukeni neno "yaweza". Haisemi "lazima". Kibali cha yule mzee kilikuwa cha mita arobaini za ujazo kwa siku, yaani lita 40,000, ambazo ni mitungi 2,000 ya lita ishirini. Baba mdogo alipiga hesabu ya haraka: gawa kwa kumi, kila mtu mitungi 200 kwa siku, kwisha maneno! Hesabu ilikuwa safi, ila haikuwa ya sheria. Kibali kilitaja nambari ya shamba ambalo, baada ya ugawaji, halipo tena kwenye ramani. Pia kile kiasi kilipimwa kwa familia moja, ng'ombe wachache na mboga za ekari chache. Sasa pale pana familia kumi, na kila moja inataka kumwagilia ploti yake nzima. Mto ni ule ule.

Na mto wenyewe haukomi hapo. Vijito vyote vya upande ule, Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Likii, huingia Ewaso Ng'iro, ambao hushuka hadi Isiolo na Samburu na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mwaka 2000, wakati wa kiangazi kikali, sehemu za chini za mto huo zilikauka, wafugaji wakabaki na mchanga mtupu. Mtu anayefungua paipu huku juu hamwoni yule anayechimba mchanga kule chini. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa ya kibali kutojigawa chenyewe: kila mgawanyo mpya lazima uanze kwa kuutazama mto upya. Kabla ya kumpa yeyote, Halmashauri inatakiwa kutenga kwanza akiba, yaani maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya kuuweka mto wenyewe hai. Baada ya hapo matumizi ya nyumbani hutangulia kilimo na biashara.

Kuna jambo ambalo lingempunguzia baba mdogo machungu kama angelijua mapema. Mtu mwenye njia halali ya kufika mtoni haitaji kibali kuchota maji ya kunywa, kupika na kufua, mradi hatumii mitambo kama pampu na paipu. Ndoo ni ruhusa. Yeye aliogopa hata kuchota, akawa ananunua maji ya mkokoteni majuma mawili mazima ilhali mto uko bondeni pake!

Basi wale wanunuzi kumi walikutana chini ya mti, nami nilikuwa karani wao kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri (walisema wenyewe). Katibu wa chama cha watumiaji wa maji alialikwa, naye alieleza kwa upole. Vyama hivi vinatambuliwa na sheria tangu ile ya 2002. Haviwezi kutoa kibali, ila ndivyo vinavyoujua mto, navyo huulizwa maoni. Alisema kila mmoja anaweza kuomba kivyake, au wote kumi waombe kwa pamoja kama mradi mmoja wenye tangi moja. Njia ya pili ni nafuu, ila inataka watu wanaoaminiana.

Maombi huambatanishwa na hati za ardhi, ramani na makadirio ya maji. Umma hujulishwa, na mwenye pingamizi huandika. Yakikubaliwa, hupati kibali moja kwa moja. Unapata idhini ya kujenga kwanza. Ukimaliza kujenga, wanakuja kukagua kama umejenga ulivyosema, ndipo kibali kinatoka. Kwa kawaida ni cha miaka mitano, kisha unaomba upya. Unaweka mita, na unalipia unachotumia. Tena kanuni za 2007 zilimtaka mwenye kumwagilia mashamba ajenge hifadhi ya kumtosha siku 90, ili avune maji ya mafuriko na kuuachia mto yale ya kiangazi. Aliyenyimwa, au asiyeridhika na uamuzi, anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Maji.

Mama mmoja wa ploti ya mwisho aliuliza swali ambalo lilinyamazisha kikao. "Na mimi niliye chini kabisa, paipu yangu itapita wapi?" Kweli, kibali cha maji si ruhusa ya kuchimba kwa jirani. Lazima upate haki ya njia juu ya ardhi yake, mkubaliane, na kama kuna hasara ulipe. Wale tisa walitazamana. Mwishowe walikubali paipu ifuate mpaka wa ploti zote, futi tatu kila upande, na nikaandika hivyo kwenye kitabu.

Nilijiuliza kama mambo haya yako hivi kila mahali, na kumbe sivyo. Hapa hapa Kenya, Wamarakwet wana mifereji waliyoichimba wahenga wao kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, karne nyingi kabla ya Halmashauri yoyote. Mfereji ni wa ukoo, na watu hugawana zamu za maji. Aliye na zamu anaweza kumwazima mwenzake, naye atalipwa kwa zamu siku nyingine. Kule, basi, haki huhama kwa saa chache tu na kurudi, bila karatasi, lakini mbele ya macho ya wazee.

Kule Marekani hali ilikuwa kali. Kuanzia mwaka 1905, mji wa Los Angeles ulinunua mashamba katika bonde la Owens, si kwa ajili ya udongo, bali kwa ajili ya haki za maji zilizoyaandama. Mwaka 1913 mfereji wa kilomita zaidi ya 370 ulifunguliwa, maji yakaenda mjini. Wakulima walikasirika hata mwaka 1924 wakalipua sehemu ya mfereji kwa baruti. Ziwa Owens likakauka. Kila kitu kilinunuliwa kwa mkataba, na bonde likabaki vumbi.

Australia nayo ilikata kamba kabisa. Mwaka 1994 serikali za huko zilikubaliana kutenganisha haki ya maji na ardhi. Katika bonde la mito Murray na Darling mkulima anaweza kuuza maji ya msimu huu pekee, au kuuza haki yake moja kwa moja, na shamba akabaki nalo. Kuna kikomo cha maji yote yanayotolewa mtoni, na serikali yenyewe huingia sokoni kununua maji ya kuuachia mto. Nikiri kwamba niliposoma hayo niliyapenda. Baba mdogo angalinunua tu mitungi yake 200 akaondoka. Kisha nikafikiria wafugaji wa Isiolo. Wangeshindana vipi kwa bei na mwenye shamba kubwa la maua? Kwa mkoba gani? Nikaona afadhali kibali chetu kinachosumbua.

Tarehe nilipoandika makala haya, maombi ya wale kumi yalikuwa bado ofisini. Walioomba wameambiwa mto utapimwa Februari, kwa kuwa huo ndio mwezi unaosema ukweli. Yule aliyewauzia amekubali kwa maandishi kukirudisha kibali chake cha zamani, baada ya kutembelewa na wazee mara tatu. Vile vitunguu havikupona. Baba mdogo amepanda mistari minne ya sukuma wiki karibu na jikoni, inayotosha mitungi sita kila jioni, naye huichota mwenyewe mtoni kwa ndoo.