Msimu wa Joto na Mgonjwa wa Akili Nyumbani

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Pwani hupita nyuzi 30 mchana, na usiku haupoi. Hewa imejaa unyevunyevu, jasho halikauki mwilini. Kila mtu anachoka. Lakini nyumba yenye mtu anayetumia dawa za magonjwa ya akili ina la ziada la kuangalia, na kijitabu hiki ni cha nyumba hiyo.

Madhara ya joto kwa wagonjwa hawa yamepimwa. Huko Adelaide, Australia, kumbukumbu za hospitali za mwaka 1993 hadi 2006 zilionyesha kwamba nyakati za wimbi la joto, wanaolazwa kwa matatizo ya akili na tabia waliongezeka kwa asilimia 7.3. Mwaka 2021 joto kali liliua watu 619 katika jimbo la British Columbia, Kanada. Watafiti walipochunguza magonjwa sugu waliyokuwa nayo marehemu, skizofrenia ilitokeza kuwa miongoni mwa yaliyoongeza hatari zaidi.

Jua peke yake halimtii mtu wazimu. Joto humfikia mgonjwa kwa njia mbili kubwa: usingizi na dawa.

Chumba cha bati kilichopigwa jua kutwa hubaki na fukuto mpaka usiku wa manane, na madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Mgonjwa anageuka huku na huku hadi alfajiri. Kwa mwenye bipola, siku chache za kukosa usingizi zinatosha kumrudisha katika hali ya kuchangamka kupita kiasi: anaongea bila kituo, anatumia fedha ovyo, anagombana na majirani. Mpe sehemu ya nyumba inayopitisha hewa kuliko zote. Kama kuna feni moja, iwe kwake. Kumtandikia barazani ndani ya chandarua, akiwa na mtu wa kulala naye, ni bora kuliko kumfungia ndani.

Dawa zinahitaji maelezo marefu kidogo. Haloperidoli na klorpromazini huvuruga uwezo wa ubongo wa kurekebisha joto la mwili. Benzheksoli, anayopewa mgonjwa ili asikakamae, na amitriptilini ya sonona, hupunguza jasho. Ndiyo maana unaweza kumwona mgonjwa amevaa koti mchana wa Januari wala halalamiki. Usisubiri aseme anasikia joto. Mvue koti kwa upole, mkalishe kivulini, mpe maji hata kama hajaomba.

Lithiamu ina hatari yake. Mwili ukipungukiwa maji na chumvi, dawa hii hurundikana kwenye damu hadi kuwa sumu. Dalili zake ni mikono kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kupepesuka na ulimi kuwa mzito. Ukiziona, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia lithiamu asiache chumvi ghafla kwa kushauriwa na jirani. Ramadhani ikiangukia katikati ya joto, asianze kufunga kabla ya kuongea na daktari wake. Mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga, na familia isimwonee haya.

Hata hivyo, asiache dawa kwa sababu ya joto. Kuacha ghafla huwarudisha wengi wodini. Vidonge visiwekwe juu ya kabati karibu na bati wala dirishani penye jua. Viwe mahali pakavu pasipo joto, mbali na watoto. Pombe, hasa gongo, humkausha maji na kugombana na dawa zake.

Kosa linaloogopesha kuliko yote ni kudhani kiharusi cha joto ni ugonjwa uliorudi au mashetani yaliyompanda. Mtu aliyekuwa ametulia asubuhi, mchana anaweweseka, mwili unawaka kama chungu kilichotoka jikoni, anaanguka au anapata degedege. Usimfunge kamba. Usimkimbize kwa mganga. Mwondoe juani, mlegeze nguo, mmwagie maji mwili mzima, mfunike khanga iliyoloweshwa na umpepee mfululizo, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu. Ukifika, mwonyeshe muuguzi pakiti za dawa zote anazotumia.

Na mgonjwa akisema amechoka kuishi, msimu wowote, mwamini. Usimwache peke yake, ondoa sumu na vitu vyenye makali, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mwezi wa Novemba, kabla joto halijashika, mpeleke kliniki ukiwa na dawa zake mkononi. Mwulize daktari: katika hizi, zipi zinahitaji uangalizi wakati wa joto, na anywe maji kiasi gani kwa siku? Majibu yaandike kwenye kadi yake ya kliniki, ili kila anayebaki naye nyumbani ayasome.