Diski Inapochemka Kwenye Laptopu ya Zamani

Kabla hujashika bisibisi, nakili mafaili yako. Anza na picha na nyaraka ambazo huna kwingine, sinema zisubiri. Kunakili nako huipasha diski moto, kwa hiyo fanya kwa mafungu, laptopu ikiwa mbele ya feni ya mezani, na uipumzishe kila fungu likiisha.

Laptopu yangu ni ya mwaka 2011, niliinunua mtumba. Diski yake imelala upande wa kulia, chini ya pale kiganja kinapotua ukiwa unaandika, na ni kiganja kilichoniambia mambo si shwari. Laptopu nyingi za ofisini za miaka ile zimepangwa hivyo: feni iko kona nyingine ikihudumia prosesa, diski haina upepo wake. Ndiyo maana ushauri ambao mafundi huutoa kabla hata hujamaliza kujieleza, "safisha feni", mara nyingi hutibu jirani wa mgonjwa.

Kiganja hakitoshi, tafuta namba. Kwenye Windows natumia CrystalDiskInfo, ni ya bure. Kwenye Linux kuna smartctl. Zote husoma taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake, joto likiwamo. Dar es Salaam mwezi Januari, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32, na diski ya inchi 2.5 ikiwa kazini huzidi joto la chumba kwa nyuzi 10 hata 20. Kwa hiyo 45 mchana isikunyime usingizi. Diski nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 60. Mimi huanza kushughulika ikivuka 50.

Soma namba hiyo asubuhi, mara tu unapowasha laptopu iliyolala imezimwa. Inapaswa kukaribia joto la chumba. Ikikuambia 55 wakati kasha ni baridi, kihisio kinadanganya na huna haja ya kuendelea. Soma tena ikiwa imewashwa bila kazi, kisha ukiwa unafanya shughuli zako za kila siku. Halafu inua sehemu ya nyuma kwa viberiti viwili na urudie. Joto likishuka vizuri, tatizo ni hewa: umekuwa ukiiweka kitandani au kwenye mto, au matundu ya chini yamejaa vumbi. Hapo ndipo blowa na brashi vinafaa. Zuia pangaboi la feni kwa kijiti unapopuliza, lisizungushwe kupita kiasi.

Yangu ilishuka nyuzi mbili tu, kumbe shida haikuwa hewa. Ikiwa hivyo na kwako, angalia mzigo wa kazi: bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua Task Manager, tazama safu ya diski. Ya kwangu ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100 hata nisipofanya kitu. RAM ilikuwa GB 4, na kivinjari cha siku hizi hufungua kurasa chache tu kikaimaliza. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski na kuurudisha, huenda na kurudi bila kukoma, na diski isiyopata mapumziko haipoi. Niliongeza RAM ikawa GB 8, nikaondoa programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, nikapanga antivirusi ichunguze usiku. Namba iliyokuwa ikicheza kwenye 57 ikatulia chini ya 50. Hakuna feni iliyoguswa.

Sasa upande mbaya. Katika orodha ile ile ya SMART tazama mistari 05 na C5 (smartctl huiandika 5 na 197). Ule wa kwanza huhesabu sehemu zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa, wa pili zile zinazosubiri hukumu. CrystalDiskInfo huonyesha thamani kwa heksadesimali, hivyo usishtuke ukiona herufi; badilisha kwenye mipangilio isomeke kwa namba za kawaida. Sifuri ni salama. Namba ndogo isiyosogea unaweza kuivumilia huku ukiwa na nakala. Inayopanda wiki hadi wiki ni diski inayokufa, na joto lake huenda linatokana na kurudia rudia kusoma mahali pasiposomeka. Usihangaike kuipoza.

Joto hulaumiwa kuliko linavyostahili. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya laki moja, wakakuta joto la wastani halihusiani sana na kufa kwa diski. Athari zake zilijitokeza zaidi kwenye joto la juu na kwenye diski zilizozeeka. Ya kwetu, bahati mbaya, huwa na yote mawili.

Kuna watu watakuambia uiweke kwenye friji. Usithubutu: ikitoka, unyevu wa hewa ya pwani utageuka matone ya maji juu yake. Wala usibandike kitu juu ya kile kitundu kidogo cha diski kilichoandikiwa kisizibwe, ndicho kinachosawazisha hewa ya ndani na nje. Vibao vya feni vya kuweka chini ya laptopu navyo mara nyingi ni kelele tu, isipokuwa matundu yako yawe chini.

Ikifika kubadilisha, nunua SSD. Haina mota wala sahani inayozunguka, na kwenye laptopu kuukuu ndiyo shilingi inayoonekana imekwenda wapi. Nenda Kariakoo na diski yako mkononi, umwonyeshe muuzaji, useme unataka SATA ya inchi 2.5. Zile nyembamba za M.2 hazina pa kuchomekwa kwenye laptopu nyingi za umri huo.